Mize na Unga wa Mtaroni

Paukwa!

— Pakawa!

Waliosinzia?

— Tumewafinya!

Basi sogeeni karibu, sipendi kupiga kelele.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya Mwili, palikuwa na mwanamke akiitwa Mize, tarishi wa mkono. Nyumba yake ilikuwa nyembamba na ndefu kupita kiasi: mlango wa mbele ulikuwa mgongoni, kwa Bwana Uti, na wa nyuma ulikuwa mkononi. Nje ya kuta zake palijaa maji ya chumvi, na kuta zenyewe zilikuwa na vilango toka mwanzo hadi mwisho.

Sultani Ubongo akitoa neno, Bwana Uti humgongea Mize: "Shika!" Kilango cha kwanza hufunguka, chumvi ikaingia puu! Hapo cha pili hushtuka kikafunguka, nacho hukishtua cha tatu, na neno hukimbia vivyo hivyo mpaka mlango wa nyuma, nawe hujapepesa jicho.

Nyuma palikuwa na mtaro, na ng'ambo ya mtaro aliishi Msuli, jitu la nguvu lisilo na masikio. Msuli alijua harufu tu. Mize hurusha konzi ya unga, Msuli akaunusa, akavuta, mkono ukashika. Neno la "achia" halikuwepo nchi ile. Desturi ilikuwa Mize aufagie mtaro papo hapo. Harufu ikiisha, Msuli hulegea mwenyewe.

Kwa kupeleka neno, Mize simsemi. Lakini kufagia, mh!

Siku moja mkono ulishika kitasa. Mize akawaza, "Si nitatumwa tena sasa hivi? Nifagie ya nini?" Mkono ukaganda kitasani kidogo, harufu ilipofifia ukaachia.

Bwana Uti akauliza, "Mize, umefagia?"

"Nitafagia."

Mkono ukashika kitana. Ukaganda zaidi.

"Mize, umefagia?"

"Nitafagia, baba, mbona waniandama?"

Mkono ukashika sufuria ya maharage, bila kitambaa. Mle mkononi alikuwemo Kidole, mtoto aliyelelewa na Mize tangu uchanga. Kidole akapiga ukelele: "Moto! Moto! Moto!"

Bwana Uti hakungoja ruhusa ya Sultani. Alinyamaza papo hapo, asimgongee tena Mize. Lakini mkono haukuachia.

"Mize! Nimekwisha nyamaza! Mbona mtoto anaungua?"

Mize akachungulia mtaroni. Unga wa kitasa upo, wa kitana upo, wa sufuria upo, na Msuli ananusa na kuvuta, ananusa na kuvuta. Akamlilia, "Achia, baba, achia!" Masikio yako wapi? Akashika ufagio huku akiimba, nanyi mniitikie:

Fagia, Mize, fagia!

— Mkono upate achia!

Akafagia unga wa kitasa. Msuli anavuta. Akafagia wa kitana. Msuli anavuta. Akafagia wa sufuria, na Msuli akalegea. Sufuria ikaanguka kwa kishindo, maharage chini.

"Kidole, mwanangu, wanisikia?"



Malengelenge yakapona na ngozi ikarudi, lakini ncha ya Kidole ilikuwa imekufa ganzi. Tangu hapo Mize hufagia kabla unga haujatulia chini. Kila kitu kipya kikishikwa, humwuliza, "Ni cha moto au cha baridi, mwanangu?" Kidole hajamjibu hata leo.

Basi mmesikia. Anayepeleka neno hajamaliza kazi mpaka aondoe alichokitumia kulipeleka.

Na mwenye mwili ule je? Aliitukana sufuria siku mbili. Mimi nilikuwa mgeni wao, nikalala na harufu ya maharage.

Hadithi naiweka chini. Atakaye aiokote, asiyetaka aende kulala.