Kikohozi Nyuma ya Nishani

Hebu niambie bila kunidanganya: ukivishwa nishani isiyo yako, mbele ya mji mzima, utaivua? Usijibu upesi. Makofi ni matamu.

Bwanaheri alikuwa mlinzi wa baragumu juu ya kilima, yeye na msichana mmoja aitwaye Mwanahija. Kazi yao ilikuwa moja tu: wakiona hatari, wapulize mpaka mji usikie. Kiangazi kimoja moto wa nyika ukaja na upepo. Baragumu likalia, likalia, mpaka mtu wa mwisho alipovuka mto. Kisha likanyamaza.

Jioni Bwanaheri akashuka peke yake, baragumu mkononi, masizi usoni.

"Nimepuliza mimi," akasema. "Mwenzangu aliona moshi tu, akatimua mbio. Sijui kaishia wapi."

Mfalme wa mji ule, kama wafalme wengi, alipenda sherehe kuliko maswali. Hakuna aliyeuliza mtu aliyepuliza kutwa nzima amebakiwaje na pumzi za kusimulia. Bwanaheri akavishwa nishani ya fedha.

Sasa, mji ule ulikuwa na desturi yake. Mwenye nishani hasifiwi na mtu mwingine. Kila sikukuu ya mavuno husimama mwenyewe, mkono juu ya nishani, akalisimulia tendo lake, na watu humwitikia, "Tumesikia!"

Mwaka wa kwanza akasimulia. "Tumesikia!" Watu walipotulia, nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mtu aliyevuta moshi. Akageuka. Ukuta mtupu.

Kufika nyumbani, nishani imeshika masizi. Mkewe akaisugua kwa limau mpaka ikang'aa. Mwaka uliofuata kikohozi kikaja karibu zaidi, kwenye kisogo, na nishani ikarudi nyeusi kama chungu cha kuni.

"Unaivaa au unaipikia?" mkewe akamuuliza.



Mwaka wa tatu mfalme akataka kuinogesha sherehe. Akatangaza kwamba shujaa akishasimulia, mama wa mwoga afukuzwe mjini, na amri hiyo aitamke shujaa mwenyewe. Mama huyo ndiye Bi Kidawa, mzazi wa Mwanahija.

Uwanja ukafurika. Bi Kidawa akaja na mkeka wake kichwani, tayari kwa safari.

"Bi Kidawa we!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Mwanao kaolewa na moshi? Mbona harudi hata kusalimu?"

Watu wakaangua kicheko. Bwanaheri akasimulia. "Tumesikia!" Na kikohozi kikaja, sikioni kabisa.

Bi Kidawa akatua mkeka, akamsogelea. Hakulia wala hakulaani. Alikuwa anatabasamu.

"Ahsante, mwanangu Bwanaheri. Muda wote huu umenihifadhia binti yangu. Kila sikukuu namsikia akikohoa nyuma yako. Kikohozi cha mwanangu nitakisahauje? Mimi leo naondoka. Mwambie basi atoke, tuagane. Simgombezi."

Hakuna aliyecheka tena. Na katika kimya kile wote wakakisikia: kikavu, mara moja, nyuma ya shujaa, pale pasipokuwa na mtu.

Bi Kidawa akaunyooshea mikono ule utupu. "Njoo, mama. Usiogope."

Bwanaheri akapiga magoti mbele yake.

"Hawezi kutoka, mama," akasema, kwa sauti iliyofika kila pembe ya uwanja. "Aliyekimbia ni mimi. Yeye alipuliza mpaka moshi ukamuua. Niliporudi nikambandua vidole kwenye baragumu, nikamzika palepale, asije akaonekana."

Funzo: Nishani hutuonyesha aliyevishwa, haituonyeshi aliyetenda. Kabla hujapiga makofi, uliza ni nani hayupo.