Aliyeuzalisha Mstafeli wa Bi Mashavu

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema bali zamani za juzi tu, ambazo waliokuwepo bado hugombana ukiwakumbusha, palikuwa na mkunga aitwaye Bi Mashavu. Nusu ya watu wa Kwandoro walipokelewa na mikono yake. Nusu iliyobaki ni wahamiaji.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na bustani. Haikuwa kubwa, ukirusha ndara kutoka mlango wa jikoni inaangukia uani kwa jirani. Lakini ndani yake mlikuwa na mchicha, bamia, biringanya, nyanya, nyanya chungu, mgagani uliojiotea wenyewe, mipapai miwili, na katikati mstafeli mmoja.

Mstafeli huo ulikuwa mzuri wa kutazama, basi. Mwaka wa kwanza ukatoa maua, maua yakadondoka. Mwaka wa pili ukatoa maua, yakadondoka. Hivyo hivyo hadi mwaka wa saba. Watu wakauita tasa. Na kila waliposema tasa, macho yao yalimwendea Siwema.

Siwema alikuwa mjukuu wa Bi Mashavu, mtoto wa marehemu binti yake. Aliolewa, akakaa miaka mitano bila mtoto, akarudishwa na mkoba mmoja na jina hilo hilo. Hakuna aliyemwuliza mume kama naye amepimwa. Nani amwulize? Mwanamume haulizwi. Bi Mashavu alimpokea mjukuu mlangoni, akamtazama juu mpaka chini, akamtia jembe mkononi.

"Bibi, sijapumzika hata."

"Utapumzika ukilima. Nenda nyuma huko, mchicha umezidiwa na magugu. Na hao wanaokusema, wote nimewaona wakiwa uchi na wanalia. Usiwaogope."

Basi Siwema akalima. Alilima masika, alilima vuli. Akapandikiza, akapalilia, akamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Kijiji kizima kikawa kinakula mboga kutoka pale.

Mwaka wa nane mstafeli ukashangaza watu. Ulitoa maua, na safari hii yakashika. Matunda matatu! Moja likaoza likiwa changa. La pili popo wakalimaliza. La tatu likabaki, likakua, likawa na miba laini na tumbo kubwa.

Kabla halijakomaa, Bi Mashavu akaugua. Asubuhi moja Siwema alikuwa anamnywesha uji. Bibi akameza vijiko vitatu, akausukuma mkono wake, akasema, "Bustani apewe aliyeuzalisha mti ule." Akajifuta mdomo. Kisha akasema, "Na uji huu hauna sukari." Siwema akaenda kutafuta sukari. Aliporudi, bibi hakuwepo tena.

Siku ya arobaini watu wakajaa uani. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa. Shehe alikuwa ameshagawa nyumba na minazi kwa warithi wa marehemu. Bustani waliiacha kando wote kwa hiari yao, ifuate neno la marehemu alilolileta Siwema. Na pale katikati ya mkeka, juu ya sinia, lilikaa lile stafeli, limeshaanza kulainika, harufu yake inawafikia mpaka waliokaa barazani.

Balozi wa nyumba kumi, Balozi Kombo, akalibonyeza kwa kidole.

"Jamani, stafeli halina subira. Likifika kesho ni la kumwaga. Leo hii, kabla ya Alasiri, mtu alilimbue, na atakayelionja wa kwanza ndiye mwenye bustani. Haya. Nani aliyeuzalisha?"

Mjomba Mbaruku akasimama, mtoto mkubwa wa marehemu. Huyu alikuwa ameshashusha matofali yake kando ya bamia, tripu mbili nzima. Alitaka kujenga.

"Ndugu zangu, Kiswahili hiki hakihitaji mkalimani," akasema. "Mkiambiwa kijana wa fulani kamzalisha binti wa fulani, mnaelewa nini? Kwamba alimshika mkono wakati wa uchungu?"

Wanaume wakacheka.

"Mche ule niliuleta mimi. Nilivuka nao mto, nimeubeba kichwani ndani ya kopo la samli, maji yananifika kifuani. Shimo nilichimba mimi. Samadi ya mbuzi nilitia mimi. Bila mimi leo mngekuwa mnagombea kivuli cha mpapai. Aliyeweka ndiye aliyezalisha."

Watu wakatazamana. Wakasema, "Kweli. Ni yeye."

Siwema naye, kule alikokaa karibu na mafiga, akajikuta anasema moyoni: kweli, ni yeye. Aliyatazama matuta yake ya mchicha, kisha akayatazama matofali.

Lakini Bi Mwanatumu akasimama. Huyu ni mjane wa mdogo wake Mbaruku, mwenye watoto watano na chumba kimoja cha kuazima.

"Shemeji, umepanda, hakuna anayekukatalia. Ukapanda, ukaenda zako kwenye mashamba ya mkonge. Miaka saba mti ulitoa maua. Ulizaa mara ngapi?"

"Haukuzaa!" akaitikia mtu kutoka barazani.

"Haukuzaa. Sasa nisikilizeni." Akafungua pindo la kanga, akatoa unyoya wa kuku. "Mwaka huu nilikuwa nakuja hapa asubuhi na jioni kuchuma mboga ya wanangu. Marehemu akanipa unyoya huu. Akaniambia, Mwanatumu, hao sisimizi kwenye maua ya mstafeli siwapendi, wapanguse. Nikawapangusa. Asubuhi ua hili na ua lile, jioni ua lile na ua hili. Siku moja akapita bwana shamba, alikuja kutazama ugonjwa wa nyanya. Akasimama. Akaniuliza, mama, nani amekufundisha kupandisha maua kwa mkono? Nikamwambia, baba, mimi sipandishi kitu, nafukuza sisimizi. Alicheka huyo, kofia ikamdondoka. Akanieleza kwamba ule unga wa ua la jana lazima ulifikie ua la leo, na wenyewe hauna miguu. Akaniambia, mama, mti huu ukizaa, wewe ndiye uliyeuzalisha. Neno hilo hilo! Mimi sikulitia kinywani mwake."

Watu wakashika videvu. Wakasema, "Kweli. Ni yeye."

Na Siwema akasema moyoni: kweli, ni yeye. Akajishangaa, maana dakika chache tu zilizopita alikuwa na hakika na mwingine.

"Lakini hukujua!" Mbaruku akaruka. "Ulikuwa unafukuza sisimizi!"

"Shemeji, wanaume wangapi hapa wamezalisha bila kukusudia?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Balozi Kombo akaanza kuchunguza kucha zake.

"Na unyoya alikupa mama," Mbaruku akasisitiza. "Basi mwenye maarifa ni yeye. Wewe ulikuwa mkono tu."

"Kama alijua au hakujua, kamwulize."

Kicheko kikakatika hapo. Wa kuulizwa alikuwa chini ya udongo siku ya arobaini.

"Kuna mwingine?" Balozi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba asiwepo.

Siwema akasimama. Tangu arudishwe hakuwahi kusimama mbele ya watu, na mikono hakujua aiweke wapi. Akaifunga ndani ya kanga.

"Mimi nauliza neno ni la nani. Si la vijana wa kijiweni, mjomba. Si la bwana shamba, mkaza mjomba. Neno ni la mkunga. Bibi alikuwa akirudi hapa amechoka, ananiambia, Siwema, nipashie maji, leo nimemzalisha mke wa Shekondo. Alikuwa na maana gani? Kwamba amempa mimba?"

Safari hii waliocheka zaidi ni wanawake. Shekondo mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa.

"Ule mchana wa upepo mkali, tawi lenye tunda lilipasuka. Mliokuwepo mnakumbuka, bati la msikiti liling'oka. Nilivua kanga yangu kiunoni nikalifunga tawi, nikalitegemeza kwa mti wenye panda. Bibi alikuwa dirishani. Akaniambia, umefunga kama ninavyofunga mimi. Wiki mbili baadaye akasema neno lake. Tunda nikalivisha foronya, popo wasilione. Mti nikaunywesha kiangazi kizima. Na jana, lilipoiva, sikuliacha lianguke. Nililipokea kwa mikono miwili."

"Kweli!" watu wakasema, na sasa walisema kwa nguvu. "Ni yeye! Ni yeye!" Mama mmoja akapiga kigelegele. Siwema hakuwahi kupigiwa kigelegele tangu siku ya harusi yake. Alihisi udongo wa bustani uko chini ya nyayo zake, na hauondoki.

Mbaruku hakupaza sauti. Alisubiri kigelegele kiishe.

"Mpwa wangu, umesema vizuri kutushinda sote. Nina swali moja dogo. Mama alizalisha nusu ya kijiji hiki. Alipewa mtoto wa nani?"

Wanawake wakageukiana, wanakumbuka.

"Alipewa mche wa sabuni. Alipewa kanga. Mwenye nafasi alimpa kuku. Mtoto alimwosha, akamfunga kitovu, akamkabidhi kwa wenyewe, akarudi nyumbani kuomba maji ya moto. Balozi, mama alikupokea wewe. Ulikuwa mtoto wake?"

"Hapana," akasema Balozi, taratibu.

Siwema akaliona hilo. Ilikuwa kweli. Kadiri alivyothibitisha kwamba yeye ndiye mkunga, ndivyo alivyojisukuma nje ya bustani kwa mikono yake mwenyewe! Akashika la mwisho lililokuwa karibu.

"Basi mjomba, niambie mwenye mtoto ni nani. Ni yule aliyezalisha akatokomea mkonge miaka saba bila hata barua? Hapa Kwandoro, mwanamume wa namna hiyo akirudi, mtoto ameshaota ndevu, huambiwaje?"

"Arudi alikotoka!" wanawake wakaitika kwa pamoja.

"Haya, basi apewe mama mzazi," Mbaruku akajibu. "Mama mzazi hapa ni nani? Si mti? Tuupe mti bustani?"

"Mti hauna watoto watano," akasema Bi Mwanatumu. Kisha akamgeukia Siwema, sauti yake ikawa ya upole. "Mwanangu, mimi nikipewa sitakufukuza. Hata kidogo. Utaendelea kunilimia."

Bi Mwanatumu alisema kwa wema. Lakini Siwema aliisikia silabi ile moja iliyojipenyeza katikati ya neno. Miaka yote alikuwa analima. Sasa ataanza kumlimia mtu.

Balozi Kombo akavua kofia, akajipepea. "Siwema, neno hili umelisikia wewe peke yako. Hebu lirudie. Neno kwa neno."

Na hapa tulieni kidogo, mliokwisha kuamua. Hapakuwa na shahidi mwingine. Siwema alihitaji kubadili kidogo tu. Angesema bibi alitamka "apewe aliyeilima," nani angembishia? Kachumbari waliyolia pilau ilitoka wapi? Biringanya zilizojaa mabakuli zilitoka wapi? Tangu pilau iishe watu walibishana juu ya mti mmoja wenye tunda moja, na hakuna hata mmoja, si Balozi, si mjomba, si mama wa kigelegele, aliyeuliza nani aliyelima vyote vilivyobaki. Neno halikuwauliza hilo, nao hawakujisumbua.

Siwema akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Alisema, bustani apewe aliyeuzalisha mti ule. Halafu akasema, na uji huu hauna sukari."

Mtu mmoja akacheka, mwingine akajifuta machozi kwa upindo wa shuka.

"Mimi nimechoka," akasema Balozi. "Nimemsikia wa kwanza, nikasema ni yeye. Nimemsikia wa pili, nikasema ni yeye. Nimemsikia wa tatu, nikasema ni yeye. Na bustani ni moja." Akachukua kisu kilichokuwa kando ya sinia, akakigeuza mpini, akampa Siwema. "Wewe ndiye uliyeachiwa neno. Kata, umpe mwenyewe alimbue. Mkono wako ukienda popote, hata kinywani mwako, sisi tumeridhika."

"Ala!" Mbaruku akasimama. "Shahidi yeye, mdai yeye, sasa na hakimu yeye?"

"Kama angetaka kudanganya," Balozi akajibu, "angedanganya sasa hivi, na wewe ungekuwa unapakia matofali."

Mbaruku akakaa.

Siwema akapiga goti mbele ya sinia. Kisu kikazama bila kuzuiwa. Ndani mlikuwa mweupe, weupe wa pamba, na mbegu nyeusi zinang'aa. Akakata kipande, akakiweka kiganjani. Maji yakaanza kumchuruzika kuelekea kwenye kiwiko. Sisimizi walikuwa wameshaujua mkeka, wanakuja kwa mstari. Msikitini mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti, tayari kuadhini Alasiri.

Akamtazama mjomba aliyevuka mto na mche kichwani. Akamtazama Bi Mwanatumu, na nyuma yake watoto watano wamejipanga kwa vimo. Akatazama matuta yake, mchicha uliochumwa jana na leo umeshachipua tena. Mkono ukanyanyuka.

Haya, mkono uko hewani na kipande kinalainika. Mbaruku alipanda, akaondoka. Bi Mwanatumu alipandisha maua, naye akidhani anafukuza sisimizi. Siwema alifunga tawi, akalipokea tunda, na mkunga tangu lini akaondoka na mtoto? Na ni Siwema huyo huyo aliyelima bustani yote, akarudia kwa uaminifu neno ambalo halikutaja kulima. Ninyi mliokuwa mkiitikia "kweli, ni yeye" mara tatu, itikieni sasa mara moja tu. Je, nani alistahili kulimbua?