Mtu Aliyeezeka Ua Wake

Mtu mmoja alikuwa na nyumba katika Ugiriki ya kale. Aliitwa Dorioni, naye alikuwa mfinyanzi. Nyumba za huko ziliipa barabara kisogo: kuta tupu, mlango mmoja, na vyumba vyote vikitazama ua ulioachwa wazi katikati. Mwanga uliingia kwa ua huo, hewa pia, na mvua iliyojaza kisima. Hapo hapo uani palikuwa na madhabahu ndogo, ambapo watu wa nyumba walisali wakitazama juu.

Siku moja wezi walipanda paa la jirani mmoja, wakarukia uani mwake na kumuua jirani huyo. Tangu hapo Dorioni hakuwa na raha. Mlango hakuuogopa, maana ulikuwa na makomeo matatu. Aliogopa anga. Akaita mafundi, wakalaza boriti toka ukuta hadi ukuta, wakauezeka ua wote kwa vigae. Kazi ilipokwisha alishusha pumzi, maskini, akadhani amepona.

Taa zikawa zinawashwa mchana. Moshi wa jiko ukakosa pa kutokea, na kisima kikakauka ingawa mvua zilinyesha. Binti yake Melita, mtoto wa miaka sita, akaanza kukohoa, na kila siku kifua kilizidi kumbana. Mkewe, Mirto, alimwambia mara moja tu:

"Mume wangu, mtoto anakosa hewa. Fungua juu."

Dorioni alijibu kwamba akifungua watakufa wote. Alimpenda mtoto wake, msidhani hakumpenda. Lakini woga ulikuwa umeshamziba masikio.

Kesho yake, saa sita mchana, Mirto alibeba mtungi akaenda kuteka maji kwa jirani mwingine, kama alivyolazimika kufanya siku zote hizo. Dorioni akabaki gizani na mtoto. Mara akasikia vishindo juu ya paa. Kigae kikasogezwa, kisha kingine. Akachukua mkuki uliokuwa ukutani, akasimama chini ya sauti ile. Melita alijua ni nani, kwa kuwa mama yake alikuwa amemnong'oneza asubuhi. Alitaka kusema, kikohozi kikamziba.

Ufa ulipofunguka na mkono kupenya, Dorioni alichoma kwa nguvu zake zote.

Vigae vikaporomoka, na Mirto akaanguka pamoja navyo, juu ya madhabahu. Alikuwa ameazima ngazi ya jirani huyo wa maji. Jua likaingia uani kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, na kwa mwanga huo Dorioni akaona alichokifanya. Nyuma yake mtoto alivuta pumzi ndefu, bila kukohoa.

Ndugu zangu, ninaisimulia habari hii nikiogopa, kwa sababu nami nimewahi kuezeka. Wewe uliyejifunika kwa hofu, ukisikia leo kigae kinasogezwa juu yako, una hakika gani kwamba ni mwizi?