Mbeleko ya Bi Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko na majirani wa kuwasengenya, alikuwapo Bi Nyati. Sogeeni. Nawe toa kidole puani. Hadithi hii haina kicheko kingi.

Bi Nyati alikuwa na nguvu za kung'oa mti kwa pembe, lakini alikuwa na watoto wawili kaburini. Wa kwanza alikwenda na homa ya masika. Wa pili alitwaliwa na simba mchana kweupe. Akajaliwa wa tatu, ndama wa kiume, akamwita Makapi, ili mauti yamwone si kitu yapite zake.

Mbeleko yake aliachiwa na mama yake mzazi. Kitambaa cha pamba, kimefuliwa na kufuliwa hadi rangi imekwisha na ulaini umebaki. Ukimfunga mtoto, magoti yake yanapanda na kukukumbatia kiunoni kama chura, shingo inashikwa, na pumzi yake unaisikia mgongoni: fuu, fuu, fuu.

Kiangazi kikaja, kisima kikakauka. Wanyama wakakubaliana kuhamia mtoni, mwendo wa kutwa nzima. Siku ya safari Bi Nyati akafua mbeleko alfajiri, akaianika kambani.

Ndipo akapita Nguchiro. Mwili mdogo kama mwiko, maneno mengi kama mvua ya mawe. Mkewe alikuwa amejifungua wanne, akiwabeba mmoja mmoja kwa meno kwa kukosa kitambaa. Nguchiro alipoiona ile mbeleko inapepea, macho yakamtoka.

"Hodi, hodi! Shikamoo, Bi Nyati."

"Marahaba, baba. Umekuja kuiba mayai ya nani leo?"

"Mimi? Mayai? Ah, bibi! Nimekuja kwa huruma tu." Akashika pindo la mbeleko. "Hii ndiyo iliyombeba yule wa homa?"

"Ndiyo."

"Na yule wa simba?"

Bi Nyati akainamisha pembe.

"Mh!" Nguchiro akaiachia kama aliyeshika kaa la moto. "Na wa tatu unamtia humo humo? Nguo hii ina nuksi, bibi. Inakula watoto."

"Homa ndiyo iliyokula. Na simba," akasema Bi Nyati, lakini alikwisha kurudi hatua nyuma, mbali na kamba.

Bi Punda Milia, jirani yake, akachungulia juu ya ua. Hakuna ua mrefu kwa mmbea.

"Mimi nilisema zamani! Tena imechakaa kama tambara la kudekia. Utapita nayo mbele za watu, shoga?"

Mumewe Bi Nyati hakuwapo. Alikuwa malishoni. Waume siku ya jambo huwa malishoni.

Nguchiro akachomoka, puruu! Akaenda porini kwenye mzinga wa nyuki uliopasuka, akabandua gome lake, akalitia kamba, akalivika kitambaa chekundu kwa nje, akatundika njuga. Jua halijapanda sana, amerudi.

"Tazama, bibi! Ngumu kama ngao, simba hatii jino. Ina kifuniko, jua halimgusi. Ukitembea, njuga zinafukuza mabaya."

Cha! Cha! Cha!

"Haitamuumiza?"

"Ngao humuumiza aliye ndani au aliye nje?"

Bi Punda Milia akapiga kigelegele. "Hapo sasa! Hapo ndipo na mimi nitaongozana nawe!"

"Na hii ya mama yangu?"

"Nipe nikaitupe mbali. Bure, kwa ajili ya ujirani."

Bi Nyati akainusa mara moja, akampa. Wenye nguvu hawadanganywi kwa jambo lolote tu. Hudanganywa pale panapowauma.

Makapi akatiwa gomeni. Miguu ikaning'inia kama soksi kambani. Kidevu kikaangukia kifuani. Mama hakuona, maana mtoto alikuwa mgongoni, na baina yao gome.

Msafara ukaondoka. Cha! Cha! Cha! Mwanzo Makapi alilia. Njuga zikalia zaidi.

Walipomaliza kilima, Bi Punda Milia akauliza, "Amelala?"

Bi Nyati akajaribu kuusikiliza mgongo wake. Mgongo haukumwambia kitu.

"Amelala," akasema.

"Unaona? Kwenye lile tambara angekuwa anakusumbua!"

Wakaenda. Jua lilipokaribia kuzama wakafika mtoni. Bi Nyati akafunua kifuniko.

Sitawaeleza alichokiona. Mna akili. Nasema tu kwamba alimtikisa, akamlamba uso, akamwita Makapi, Makapi, na mauti hayakudanganyika na lile jina. Bi Punda Milia, aliyekuwa ubavuni njia nzima, akajipenyeza katikati ya msafara.

Bi Nyati akabaki na haja moja: kumzika mwanawe katika nguo ya bibi yake. Akauliza Nguchiro amehamia wapi. Wakamwonyesha kichuguu kando ya mto. Akaenda, ardhi inatetemeka, ndi! ndi! ndi!

"Toka nje, mwizi!"

Nguchiro akatoa pua tu. "Sikuiba, bibi. Ulinipa mwenyewe, na shahidi alikuwapo."

"Ulisema unaitupa!"

"Kitu kizima vile, ningekitupaje?"

"Nipe, nikamzikie mwanangu."

Pua ikarudi ndani.

Aliyetoka ni mkewe. Watoto wanne mgongoni, mbeleko imekunjwa mara tatu. Hakujua lolote, mume alimwambia ni zawadi ya uzazi. Bi Nyati akamweleza kwa maneno machache. Yule mama akapiga magoti, akaanza kufungua fundo upesi upesi. Mtoto mmoja akateleza. Nyii!

Bi Nyati alikuwa ameinua kwato. Kwa kwato moja angewasaga wote sita pamoja na kichuguu chao. Akatazama ule mgongo mdogo. Magoti yamekumbatia. Nyuso zimegeuzwa pembeni. Kitambaa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka.

Akaishusha kwato.

"Acha," akasema. "Geuka."

Akampandisha yule aliyeteleza, akalikaza fundo kwa ncha ya pembe.

"Nguo ifike mpaka nyuma ya magoti yao, wasining'inie. Huyu wa mwisho pua imefunikwa, itoe. Ukiwa njiani, sikiliza mgongo. Usipowasikia, simama. Simama hata kama wenzako wanakwenda."

"Nawe mama, utamzika kwa nguo gani?"

"Kwa majani."

Akaondoka polepole. Nguchiro alibaki shimoni mpaka kesho yake, na mkewe hakumwita kula.

Basi nyinyi mtakaolea, shikeni hili: kibebeo kinachokuzuia kuisikia pumzi ya mtoto ni jeneza, hata kiwe kizuri vipi.