Kitufe cha Kuzima na Mguu wa Pimbi

"Tangazo Rasmi la Kamati ya Mashine na Maji Kuhusu Kuhamishwa kwa Kitufe cha Kuzima Kutoka Pembe ya Kushoto Kwenda Pembe ya Kulia."

Msicheke. Hicho ndicho kichwa cha tangazo lenyewe, na hapo nimekifupisha.

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa na kompyuta na binadamu bado anahesabu kwa vidole, palikuwa na mashine moja mlangoni mwa chemchemi. Kazi yake ilikuwa kugawa maji. Mnyama alifika, akataja jina lake, mashine ikamtambua, mlango ukafunguka kwaruuu! Akachota, akabonyeza kitufe cha kuzima, akaenda zake. Mkubwa alitaja jina, mdogo alitaja jina, na maji hayakumuuliza mtu ukoo wake.

Basi siku moja, kiangazi kimekaza, Kasuku aliyekuwa karani wa kamati akaparamia juu ya mashine, akakohoa, akasoma tangazo. Mfumo wa mashine, yaani ule ubongo wake, ungebadilishwa mwezi ukiandama. Mfumo mpya ulikuwa unakuja na mambo mapya. Wenye maoni na wayatoe.

Lo! Maoni yakatoka kama kumbikumbi baada ya mvua.

"Kulia?" Nyani alipiga kelele. "Mkono wangu umezoea kushoto! Unakwenda wenyewe, hata nikisinzia!"

"Kulia kuna jua," akasema Ngiri. "Kitufe kitaungua. Mimi nasema mfumo wa zamani haukuwa na kasoro hata moja."

Huyo Ngiri, mfumo wa zamani ulipoletwa, aligaagaa matopeni kuupinga. Sasa aliulilia kama marehemu.

Pimbi alikuwa amekaa nyuma kabisa, juu ya jiwe, ili naye aone. Yeye alikuwa na tabia moja mbaya: tangazo akilisikia, alilisikia mpaka mwisho. Na mwishoni kabisa, Kasuku alipokuwa ameshachoka na sauti imemshuka, alisoma maneno haya: kwamba katika mfumo mpya mnyama hatataja tena jina. Atakanyaga jiwe bapa lililo mbele ya mashine, na unyayo wake sharti ulijaze jiwe lote, kama hautalijaza mlango hautafunguka.

Hapakuwa na ubaya wowote katika jambo hilo. Kamati ilihitaji mguu wa kupimia, ikachukua mguu mdogo kuliko yote ya wajumbe, karani hahesabiwi. Nao ulikuwa wa Kiboko.

Pimbi akautazama mguu wake. Akawakumbuka watoto wake, wanaokunywa mara mbili kwa siku na kulia mara tatu.

"Kaka Nyani," akanong'ona, "umesikia habari ya unyayo? Mguu wako utalijaza lile jiwe?"

"Usinichanganye, dada. Watu tunazungumzia kitufe."

Pimbi akanyoosha mkono. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Tembo, akatazama kulia, akatazama kushoto, mwishowe akatazama chini.

"Sema, Bi Pimbi. Kulia au kushoto?"

"Mheshimiwa, mimi nauliza habari ya unyayo. Sisi wenye miguu midogo tutakunywa nini?"

"Habari ya unyayo imo kwenye kichwa cha tangazo?"

"Haimo, Mheshimiwa. Imo mwishoni."

"Kanuni inasema tunajadili kilichomo kwenye kichwa cha tangazo. Hayo mengine utayatia kwenye sanduku la maoni."

Sanduku la maoni lilitundikwa mtini. Aliyelitundika alikuwa Twiga.

Kiboko, naibu mwenyekiti, akamwonea huruma, akamfariji. "Bi Pimbi, usiulaumu mfumo. Mguu mdogo si tatizo la mfumo. Ni tatizo la mguu."

Pimbi akashukuru, akashuka jiweni, akaondoka. Njia nzima alikuwa akifikiri. Wale wakubwa hawakuwa wabaya. Hawajawahi tu kufungiwa mlango, na mlango usiokufungia huuoni.

Asubuhi ya pili Kasuku alikuta mzinga mtupu wa nyuki umewekwa mlangoni mwa chemchemi, na mbele yake jiwe bapa. Pimbi alikuwa anaufuta vumbi.

"Hii nini?" Kasuku akauliza.

"Mfumo mpya wa majaribio, Bwana Karani. Umekuja ili wakubwa waujaribu kabla ya wadogo."

"Umetoka wapi?"

"Una muhuri."

Kasuku akainama, akaona. Kweli ulikuwa na muhuri, wa rangi ya zambarau, mviringo safi. Pimbi aliuchonga usiku kwenye kipande cha kiazi.

"Ah! Una muhuri!" Kasuku akasema, na hakuuliza tena. Akaruka pruu! kuwaita wakubwa.

Huku nyuma Pimbi akazunguka kichakani, akajipenyeza ndani ya mzinga kwa mlango wa nyuma. Giza. Harufu ya nta. Na kwenye sega kuukuu, nyuki mmoja aliyekuwa hajahama na wenzake.

"Shikamoo," Pimbi akanong'ona. "Nakaa kidogo tu."

Nyuki akampa mgongo.

Ndi! Ndi! Ndi! Ardhi ikatikisika. Kupitia tundu la mbele Pimbi akaona kucha kubwa kama majembe. Akajua, mguu huu ukikosea jiwe kwa shubiri moja, watoto wangu ni yatima. Wanyama wote walikuwa wamekusanyika, Nyani na Ngiri mbele kabisa, bado wanabishana.

"Nimekanyaga," akasema Tembo. "Mbona kimya?"

Pimbi akavuta pumzi, akaongea kwa pua, taratibu, bila furaha wala huzuni. Mzinga ukaifanya sauti yake nzito.

"Tafadhali subiri."

Wanyama wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa. Umesema tafadhali subiri. Basi ni mfumo kweli.

"Unyayo umetambuliwa," sauti ikasema. "Karibu, Kiboko, naibu mwenyekiti."

Mahali fulani mtu akabana kicheko, kikamtoka puani.

"Nani Kiboko?" Tembo akauliza. "Mimi?"

"Badilisha mguu, Mheshimiwa," akashauri Kasuku. "Mfumo mpya huwa hivyo mwanzoni."

Tembo akabadilisha mguu. Ndi!

"Karibu tena, Kiboko. Umenenepa."

"Kwi kwi kwi!" Kiboko alishindwa kujizuia. "Pole, kaka. Labda umekanyaga tope. Hebu nipishe kidogo." Akaweka mguu wake jiweni, polepole, kama anayepanda jukwaani.

"Unyayo umetambuliwa. Karibu, Mheshimiwa Mwenyekiti! Mlango uko wazi."

Kiboko akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Mimi maoni yangu," akasema, "kipengele hiki ni kizuri sana. Mashine haina upendeleo."

"Haina upendeleo?" Tembo akapandisha mkonga. "Nimekuwa mwenyekiti tangu wewe unanyonya! Leo nije kuchota maji niambiwe mimi ni wewe? Na siku jiwe likikataa kabisa kunijua, nitakunywa nini?"

Ndani ya mzinga, Pimbi aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye mdomo mkubwa. Yalisikika vizuri zaidi.

"Karani!" Tembo akanguruma. "Futa hicho kipengele!"

"Huwezi kukifuta, kaka," Kiboko akasema kwa upole. Ule uenyekiti alikuwa ameshaanza kuuonja. "Kanuni ni yako mwenyewe. Tunajadili kilichomo kwenye kichwa cha tangazo, na unyayo haumo."

Tembo akafikiri. Masikio yakapepea mara kadhaa.

"Haumo kwenye kichwa?"

"Haumo."

"Basi haumo kabisa! Andika, Karani. Mnyama atataja jina, kama zamani."

"Limepita," akasema Kasuku, akagonga muhuri. Ga!

Na hapo hapo nyuki, aliyekuwa amevumilia kelele zote hizo, uvumilivu ukamwishia.

"Uwiii! Jicho langu!" mfumo ukapiga yowe.

"Hitilafu ndogo," Kasuku akaueleza umati. Lakini mzinga ulikuwa unabiringika, na kutoka ndani yake akaanguka Pimbi, nta kichwani, mkono jichoni.

Tembo akainama, akamtazama.

"Kumbe wewe."

"Ndimi, Mheshimiwa."

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya, Mheshimiwa, nipo mbele yako. Ukitaka kurudisha kile kipengele, uwezo unao. Karani atatangaza tu sababu: kwamba Mwenyekiti alizungumza na mzinga, mzinga ukamwita Kiboko, naye akabadilisha mguu."

Kasuku alikuwa ameshafungua mdomo, tayari kutangaza.

Tembo akamtazama Kiboko. Kiboko akatazama mtoni, kama aliyesikia anaitwa huko. Yeye naye hakupenda itangazwe ni nani aliyempa uenyekiti.

"Ehm," akasema Tembo. "Kikao kimefungwa. Kitufe kinahamia kulia."

"Kulia?!" Nyani akaruka. "Yaani hamkusikia hata neno moja?"

Wakaanza upya. Huyu kulia, yule kushoto, Ngiri akiulilia mfumo wa zamani ambao sehemu yake nzuri ilikuwa imerudishwa mbele ya macho yake.

Wanangu, ukitaka mkubwa akione kikwazo cha mdogo, mfanye ajikwae nacho yeye kwanza.

Kitufe kilihamishwa, mlango ukaendelea kufunguliwa kwa jina, na jioni ile Pimbi, jicho moja limevimba, alichota maji akawanywesha watoto wake.