Watalii Waliomposea Kipkirui

Wengine hudhani mgeni ni mtu wa kulishwa, alale, aende zake. Lakini wahenga hawakuwa wajinga. Walijua mwenyeji anaweza kuwa na kidonda ambacho watu wa nyumbani wamekizoea mpaka hawakioni tena. Kipkirui wa Kericho alikuwa nacho.

Huyu Kipkirui aliacha shule mapema, akakataa kuchuma chai, akajibunia kazi iliyochekwa na mji mzima: kutembeza wageni mjini. Watu wachache, kwa miguu, asubuhi mpaka mchana.

"Nani atalipa aonyeshwe Kericho?" walimkejeli. "Utamwonyesha nini, matope?"

"Wewe umezaliwa hapa na hujaona kitu," aliwajibu, akaenda zake.

Kicheko kilichomuuma ni cha mtu mmoja tu, Mzee Kiptanui, baba yake Winny. Kipkirui na Winny walipendana kama chai na maziwa, lakini mzee alisema hatoi binti kwa mzururaji. Winny alinuna mpaka nyumba ikakosa raha, ndipo mzee akalegea kidogo. "Jumamosi mchana. Aje na wazee wake. Akija peke yake kama mbwa aliyepotea, nampokea yule dereva wa trekta anayemtaka pia. Nimemaliza." Na Kipkirui alikuwa yatima. Mzee wake duniani alikuwa mjomba mmoja tu, huko Siongiroi.

Jumamosi hiyo alikuwa na wageni watatu waliokuja mkutano wa kanisa: Mzee Gekara na mkewe Mokeira kutoka Kisii, na Opondo, fundi cherehani wa Kisumu. Miaka hiyo ya tisini makabila yalikuwa yameumizana. Watu walisalimiana huku wakiangaliana mikono. Kipkirui hakujali. Aliwapitisha kwenye chai, akawaonyesha wachumaji wanavyolaza fito juu ya michai ili shamba libaki sawa kama meza. Akawaingiza hekalu la Kalasinga, wakafunika vichwa, wakakaa chini, wakalishwa chapati na dengu bila kuulizwa wanatoka wapi. Mdomo wake haukupumzika hata dakika.

Mwisho wakafika steji, alikopanga kumpokea mjomba. Makanga wa gari la Siongiroi akamwita. "Kipkirui! Mjomba wako hakuvuka. Mto umefurika. Amesema pole."

Wakapita soko lote bila Kipkirui kuwaonyesha hata kitunguu.

"Kijana," Mokeira akasema, "redio imeisha betri?"

Akawaeleza yote. Opondo akaangua kicheko. "Yaani unalilia wazee, na umetembea na wazee tangu asubuhi?"

"Haiwezekani. Nyinyi si Wakipsigis."

"Alisema uje na wazee, ama alisema uje na Wakipsigis?" Gekara akauliza, akiweka kofia yake sawa. "Umetuonyesha mji. Sasa tuonyeshe kwa mkwe."

Walifika bomani mvua ya mawe ikiwafukuza. Mzee Kiptanui alisimama mlangoni, akawapima mmoja mmoja kama anayenunua ng'ombe.

"Hawa ni nani?"

"Wazee wangu," Kipkirui akasema.

Wakakaribishwa kwenye viti, lakini hakuna aliyeletewa hata maji. Katika boma hilo posa ilianza na swali moja, kwa maana kila ukoo wa Kipsigis una mnyama wake, na wa mnyama mmoja hawaoani.

"Mnyama wenu?"

"Wa kijana ni nyuki," Gekara akajibu, kwa kuwa alikuwa ameuliza njiani. "Wangu mimi ni chui."

Nyuki hakugongana na wa mzee, lakini huyo chui akamshtua. "Kumbe Wakisii pia wana wanyama?"

"Mzee, ulidhani Mungu aligawa wanyama akaishia mpakani Sondu?"

"Sisi wetu ni samaki," Opondo akadakia, "lakini tunamla."

Mzee akabana kicheko, kikamponyoka puani. Kisha akakunja uso. "Huyu hana kazi. Anazurura."

"Baba," Mokeira akasema taratibu, "lile hekalu la Kalasinga, umewahi kuonja dengu yao?"

"Mimi? Nimezeeka hapa, na sijawahi hata kuingia."

"Sisi tumeingia leo. Kijana huyu ndiye aliyetufungulia."

"Mimi niliapa sitakanyaga upande huu tena," Opondo akasema, na safari hii hakucheka. "Leo nimekanyaga kote. Kama huko ni kuzurura, basi mpe binti huyo mzururaji."

Mawe yalikuwa yameacha kupiga mabati. Mzee akageukia mlango wa ndani.

"Winny! Lete kibuyu."

Kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando! Mposaji aliyekataliwa hakuwahi kukiona. Winny alitokea kabla jina lake halijaisha kutamkwa. Kumbe alikuwa nyuma ya mlango, amekikumbatia. Mokeira akapiga vigelegele vya Kisii mpaka kuku wakakimbia.

"Ngoja!" mzee akanguruma. "Kuna sharti. Jumatatu unitembeze na mimi."

"Vaa viatu vya matope, baba," Kipkirui akasema, na mdomo wake ukawaka tena kama moto wa kuni kavu.

Mjomba alifika kesho yake, suruali imelowa mpaka magotini, hotuba imejaa mdomoni. Alikuta kazi imekwisha kufanywa na watu asiowajua, ambao hata mvua ya mawe haikuwazuia. Basi nani atabisha? Mgeni njoo, mwenyeji apone.