Mashavu ya Kiboko na Mkia wa Kindi

Naleta!

— Lete!

Ina mkia?

— Inao!

Ina uso?

— Umepakwa poda!

Basi sogeeni karibu. Na wewe wa nyuma acha kutafuna, maana ngano hii inawahusu watafunaji.

Palikuwa na nchi ya wanyama yenye ghala moja tu. Wakati wa mavuno kila mnyama alileta chakula chake humo, na wakati wa kiangazi kila mnyama alipewa fungu lake. Ghala lilikuwa na mlinzi, na mlinzi alichaguliwa kwa uso. Msinicheke mimi, wacheke wao. Waliamini kwamba anayekula kwa siri damu humpanda mashavuni ikabaki hapo hapo, na puani huota nyuzi nyekundu, nyembamba kama mizizi ya nyasi. Kwa hiyo aliyeutaka ulinzi alisimama juani mbele ya wenzake, akakaguliwa uso, akaapa, akapewa ufunguo. Aliyekutwa na wekundu alinyimwa fungu lake mwaka mzima.

Mwaka huo Kiboko aliutaka ule ufunguo. Aliutaka mpaka mate yakamtoka. Lakini mashavu ya Kiboko, jamani. Yalikuwa mekundu kama nyanya zilizosahauliwa shambani, na puani nyuzi zilikwenda huku na huku hata hazina adabu. Ndiyo maana alishinda majini, ametoa macho tu.

Asubuhi ya uchaguzi alitoka mtoni, gudu, gudu, gudu, mpaka chini ya mti wa Kindi. Kindi alikuwa mama wa watoto sita, na kazi yake ilikuwa kupamba maharusi. Brashi hakununua, mkia wake ulitosha. Karanga zake zote za mwaka zilikuwa ndani ya lile ghala.

"Kindi, shuka unipake uso," alisema Kiboko. "Nataka wekundu huu usionekane, wala hizi nyuzi."

"Na nisiposhuka, bwana mkubwa?"

"Naukalia mti wako."

Kindi aliutazama mti. Akayatazama makalio ya Kiboko. Akashuka.

"Nikuulize kitu kimoja, bwana mkubwa. Ukishapata ufunguo, wanangu watakula nini kiangazi?"

"Maganda," alisema Kiboko. "Mimi nakula karanga tu, maganda siyataki. Unaona nilivyo na huruma."

Kindi alisikia uchungu mpaka kwenye ncha ya mkia. Akimpaka vizuri, wanawe watakufa njaa. Akimpaka vibaya, hawana pa kulala. Akawaza, akakuna sikio.

"Sawa, bwana mkubwa," akasema. "Nitakupaka kuliko nilivyowahi kumpaka yeyote."

Akaanza na mchicha uliotwangwa.

"Mbona kijani?" aliuliza Kiboko.

"Wekundu hupozwa kwa kijani kwanza. Ukipaka rangi ya ngozi moja kwa moja, wekundu unachungulia."

Kiboko akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua siku zote. Mkia ukapita, paku paku paku. Kisha Kindi akaleta udongo wa kichuguu wa rangi ya kijivu, ameukanda kwa ulimbo.

"Ulimbo si wa kunasia ndege?"

"Ndio huo huo. Wewe unatoka jasho, bwana mkubwa. Bila ulimbo, poda yote itakuwa kifuani kabla hujaapa."

"Haya, paka."

Paku paku paku.

"Sasa unaona nini?"

"Naona uzi mmoja shavuni."

"Paka."

Paku paku paku.

"Sasa unaona nini?"

"Naona uzi mmoja puani."

"Paka."

Paku paku paku.

"Sasa unaona nini?"

Kindi akasogea mbele, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande. "Naona uzi mmoja, lakini huu umeshuka mdomoni. Umezunguka midomo yote miwili. Tuuache tu, labda hawatauona."

"Unataka nikose ghala? Paka."

"Itabidi ufunge mdomo."

"Nimesema paka."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho siku hiyo. Paku paku paku paku. Jua likapiga, udongo ukakauka, ka!

Uwanjani wanyama wote walikuwa wamekusanyika. Kiboko aliingia polepole, na Kindi amekaa begani na kopo lake la udongo, eti kwa marekebisho. Mkaguzi alikuwa Bi Mbuni, kwa sababu ya shingo yake ndefu na macho yake makubwa. Akaukagua ule uso juu, chini, kushoto, kulia.

"Safi," akasema. "Hakuna wekundu, hakuna uzi. Sasa uape. Sema: sijala, sijaonja, sijanusa."

Kiboko akavuta midomo. Midomo haikuachana.

"Mmm," akasema.

"Anasema nini?" aliuliza Bi Mbuni.

"Anasema hajala, hajaonja, hajanusa," alijibu Kindi.

"Yote hayo kwa mmm moja?"

"Bwana mkubwa hapendi kupoteza maneno."

Kisha Kindi akamnong'oneza Kiboko sikioni, "Ukitikisika udongo utapasuka, na wekundu wataukuta chini yake." Kiboko akasimama kama gogo.

Bi Mbuni akanyoosha ufunguo.

"Mmm!" alisema Kiboko.

"Anasema asante, lakini hauwezi," alisema Kindi. "Anasema yeye ni mnene, akiingia ghalani ataliangusha. Apewe mdogo."

"Mmm! Mmm!"

"Anasema apewe mdogo sana."

"Mmmmm!"

"Anasema apewe mimi. Mimi sikutaka, jamani, lakini mmemsikia wenyewe."

Chozi la kijani likamtoka Kiboko likashuka shavuni. Wanyama walipoliona wakaguswa. Nyumbu akalia kwa sauti. "Anakataa cheo," alisema, "na bado anatulilia sisi." Wakamshangilia Kiboko, wakampa Kindi ufunguo.

Bi Mbuni, kwa kuwa alipenda utaratibu, akamkagua na Kindi. Akaona manyoya. Akatazama tena, akaona manyoya.

"Sioni wekundu," akasema.

"Wala hutauona," alisema Kindi. Na hapo, wanangu, alisema kweli.

Kiboko alirudi mtoni, akajiloweka siku saba ndipo mdomo ukaachia. Kulalamika hakuweza, maana angeulizwa alikuwa akificha nini. Tangu siku hiyo kila mara huupanua mdomo wake, aah, kuhakikisha kwamba bado unafunguka.

Kiangazi kilipokuja, kila mnyama alipata fungu lake, dogo kidogo kuliko mwaka jana. Watoto sita wa Kindi wakanenepa hata wakashindwa kupanda mti, wakawa wanasukumwa kutoka chini. Bi Mbuni aliwakagua nyuso kila wiki. Safi, safi, safi, safi, safi, safi.

Basi ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba mwizi hujulikana kwa uso wake. Mkichagua mlinzi, msimwulize mengi, mtazameni mashavu.

Nimeifunga, na ufunguo anao Kindi. Aliyeipenda aende nayo nyumbani. Na wewe wa nyuma uliyekuwa ukitafuna, njoo hapa kwenye mwanga nikuone.